Nyuso zinageuka zambarau ukumbini: ninunue lenzi ya f/1.4 au kuna njia nyingine?

Kasapa_Foto (Lubumbashi)

Jambo bayaya na wadogo wote wa fani.

Ninapiga harusi hapa Lubumbashi: dote (mahari), ndoa ya serikali kwenye komine, kanisa, halafu sherehe ya usiku. Hadi kanisani kila kitu ni kizuri. Matatizo yanaanza tukiingia ukumbini. Wapambaji siku hizi wanafunika dari yote kwa kitambaa, na kuta wanazipiga taa za LED za buluu na pinki. Nyuso zinatoka zambarau. Nikisafisha ile zambarau kwenye programu ya Lightroom, ngozi inabaki ya majivu, kama mtu mgonjwa. Zaidi ya hapo, picha nyingi zina mistari myeusi ya mlalo, na kuna dakika flashi inakataa kabisa kuwaka.

Vifaa: Sony a7 III, lenzi 28–75 f/2.8, flashi moja Godox V860II ninayoielekeza juu darini. Shata huwa ya kimya kwa sababu padri hapendi kelele kanisani. Kamera naiachia TTL (yenyewe ipime nguvu ya flashi) na mizani ya rangi ya otomatiki.

Nina dola 600 za kununulia kifaa. Nimeona lenzi iliyotumika ya f/1.4, inayoingiza mwanga mwingi kuliko yangu. Je, itanisaidia?

La mwisho ni la biashara: wateja wanataka RAW zote (faili ghafi za kamera) kwenye flashi ya USB usiku uleule, hata kabla ya kumaliza kulipa. Ninyi mnawajibu nini?

---

Vivuli_vya_Kamalondo (Lubumbashi)

Mdogo wangu, hiyo lenzi iache dukani. f/1.4 itakunywa zambarau ileile, kwa haraka zaidi tu.

LED ya buluu inatoa kipande chembamba sana cha mwanga, karibu na nanomita 450 hadi 470. Ngozi yetu ina rangi yake kwa sababu inarudisha nyekundu na njano. Taa isiyotoa hizo haina cha kurudishiwa, na hakuna programu itakayoziunda baadaye. Ndiyo maana ukiondoa zambarau unabaki na majivu: chini yake hapakuwa na kitu. Lazima ulete mwanga wako mwenyewe.

Tuanze na mistari, maana hiyo ni dakika moja. Zima shata ya kimya mara tu unapotoka kanisani. Ikiwa kimya, kamera inasoma sensa mstari kwa mstari, polepole, na taa za LED zinawaka na kuzimika mara mamia kwa sekunde. Kila mstari unakutana na taa katika hali tofauti. Tena kwenye a7 III flashi haiwaki kabisa ukiwa kwenye kimya, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Weka swichi hiyo kwenye kitufe cha C1 uizime bila kuingia kwenye menyu.

Sasa mwanga. Dari lenye kitambaa cha zambarau likipigwa flashi linakurudishia zambarau. Kitambaa chenyewe kinakula mwanga mwingi, na kumbi zetu nyingi ziko juu kuliko mita nne. Kwa hiyo toa flashi juu ya kamera. Nunua flashi mbili za kawaida zisizo na TTL, aina ya Godox TT600, triga moja ya redio ya kampuni hiyohiyo, na stendi mbili zinazofika mita 2.8. Haitamaliza dola 600. Kinachobaki nunua betri AA za NiMH, seti mbili kwa kila flashi. Usitumie alkalini: baada ya nusu saa ya dansi zinachelewa kujaza flashi, na utakosa tukio.

Stendi ziweke kwenye pembe mbili za uwanja wa dansi, zikitazamana kwa mshazari, vichwa vikielekea katikati. Zoom ya flashi 35, nguvu 1/16, kamera manuali: shata 1/100, f/4, ISO (usikivu wa sensa) 1600, mizani ya rangi 5500 K bila otomatiki. Namba hizi zinatoka wapi? Flashi ya kundi hili ina namba ya mwongozo (umbali kwa mita mara namba ya f) karibu 36 kwa ISO 100 ikiwa na zoom 35. Nguvu 1/16 inaigawa kwa nne: 9. ISO 1600 inaizidisha kwa nne: 36 tena. Gawanya kwa f/4, unapata mita 9, ambao ndio umbali wa pembe hadi katikati katika kumbi nyingi za mjini. Ukumbi mdogo wenye mita 4 au 5 tu? Shusha hadi 1/64. Nusu ya umbali ni mwanga mara nne, yaani stopu mbili (kila stopu ni mara mbili).

Halafu piga picha moja ya jaribio bila flashi kwa namba hizohizo. Kuta zinatakiwa zionekane na rangi yake, lakini uso wa mtu uwe karibu mweusi. Uso ukionekana vizuri wa zambarau, taa za ukumbi bado zina nguvu kuliko zako: shusha ISO hadi 800 na upandishe flashi hadi 1/8. Pambo la ukuta linabaki zambarau kama mteja alivyolilipia, na uso unabaki wa mwenyewe.

TTL iache. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inadhani pana mwanga mwingi na inapunguza; bwana harusi wa suti nyeusi akisogea mbele, inaongeza. Picha kumi za mfululizo zinatoka na nyuso kumi tofauti, na hiyo ndiyo kazi inayokulaza saa 9 za usiku mbele ya kompyuta.

Kwa picha za familia, watu 15 katika safu tatu: flashi zote mbili kwenye miavuli myeupe, mita 4 hadi 4.5 kutoka kwao, nguvu 1/4, ISO 800, f/5.6. Lenzi iwe 35, wewe usimame mita 5, fokasi kwenye macho ya safu ya mbele. Safu zote zitakuwa kali, f/11 haina sababu. Kila stendi ifungie mfuko wa mchanga mguuni. Watoto wakianza kukimbia, stendi tupu inaanguka.

---

Kasapa_Foto

Asante yaya. Kwa hiyo mistari ilikuwa shata tu! Swali dogo: SNEL (shirika la umeme) ikikata, ukumbi unahamia kwenye jenereta, na kuna wakati naona mistari hafifu hata na shata ya kawaida. Na ule moshi wa DJ wakati maharusi wanaingia: flashi ikipiga, picha nzima inakuwa nyeupe.

---

Taa_na_Sauti_Bel-Air (Lubumbashi)

Niko upande wa pili, wa taa na muziki, basi nijibu hayo mawili.

Umeme wetu ni 50 Hz, kwa hiyo taa zinazofuata umeme moja kwa moja zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata 1/100 inakula mpepeso mmoja mzima, 1/50 miwili. Ndiyo sababu namba alizokupa Vivuli zinakaa vizuri. a7 III ina pia kazi ya kuzuia mpepeso kwenye menyu, iwashe, lakini inatambua 100 Hz na 120 Hz tu. Jenereta haikai kwenye 50 kamili. Ikiwa haina mzigo inakimbia juu kidogo, DJ akifungua besi na jikoni wakawasha jiko, inashuka. Hapo 1/100 haipatani tena na taa na unaona ukanda hafifu. Teremka hadi 1/50 ikiwa watu wametulia. Tofauti inagawanyika na haionekani. Wakati wa dansi baki 1/100 na uiachie flashi kazi.

Zile par (taa za jukwaani) za LED za rangi ni jambo jingine. Mwanga wake unapunguzwa kwa kuwashwa na kuzimwa haraka sana, na kila kiwanda kina kasi yake. Ukimwomba mtu wa taa aziweke asilimia 100 badala ya 30, mistari mara nyingi inaisha yenyewe, kwa sababu zikiwa zimejaa hazizimwi tena katikati.

Moshi: flashi iliyo juu ya kamera inamulika moshi ulio kati yako na watu, na moshi ndio unaokurudia. Zima flashi ya upande wako, baki na ile ya pembe ya mbali, nyuma yao kidogo. Moshi unageuka pambo na maharusi wanapata ukingo wa mwanga. Kwa nyuso subiri. Moshi mzito wa chini unapotea ndani ya dakika mbili au tatu, ule mwepesi wa kusambaa unakaa ukumbini muda mrefu. Muulize DJ ana mashine gani.

Tena zungumza nasi mapema jamani. Fika saa 18, mwone mtu wa taa kabla ya mpambaji kuondoka. Mwombe nyeupe au amba kwa keki, hotuba na zawadi. Par nyingi zina rangi hiyo, ni kubonyeza tu. Tatizo ni kwamba wapiga picha wanakuja kulalamika saa 23, wakati kila kitu kimeshapangwa na bibi harusi ameshakipenda.

---

Labo_ya_Rangi (Lubumbashi)

Nakubaliana na Vivuli isipokuwa mahali pamoja: asidharau picha alizonazo tayari. Za RAW bado zina uhai kidogo.

Kwanza badilisha profaili kutoka Adobe Color kwenda Adobe Neutral. Utashangaa. Buluu iliyoonekana imeungua inaanza kuonyesha mikunjo ya nguo na mashavu, kwa sababu profaili ya kwanza huongeza rangi kabla hujagusa chochote. Kisha nenda kwenye Calibration, shusha Blue Primary saturation hadi −30 au −40. Baada ya hapo tu, tumia maski ya watu, chagua ngozi ya uso, na ongeza joto la rangi humo ndani peke yake. Ukianza na maski kabla ya profaili utazunguka bila mwisho.

Angalia histogramu (grafu ya mwanga) ya buluu peke yake, siyo ile nyeupe ya jumla. Kamera inaweza kukuonyesha mwanga uko sawa kabisa kumbe njia ya buluu imegonga ukuta, imejaa hadi mwisho. Ikiwa imegonga kwenye paji la uso, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, shusha vitelezi vya Blue na Purple, na usimwombe mteja msamaha. Nyeusi na nyeupe nzuri inapendwa na wazazi kuliko rangi iliyolazimishwa.

Ngozi usiipime kwa jicho saa 8 za usiku. Weka kishale kwenye paji la uso usome asilimia tatu zilizo chini ya histogramu. Nyekundu juu, kijani katikati, buluu chini, kwa kila ngozi, ya mweusi tititi na ya maji ya kunde. Mfano 38, 26, 20 ni ngozi nyeusi yenye afya. Buluu ikipita kijani, ndiyo zambarau yako. Kijani kikisogelea nyekundu, mtu anaonekana ana homa ya manjano.

Majivu yana chanzo cha pili: picha iliyopigwa gizani na kuinuliwa baadaye. Ngozi nyeusi iko sehemu ya chini ya histogramu, ndiko chembe na rangi chafu zinakojificha. Ipe mwanga wa kutosha wakati wa kupiga, gauni likaribie kuungua bila kuungua. Na tafadhali msiwafanye watu weupe. Mtu anajijua rangi yake, na mama yake anaijua zaidi. Clarity kwenye ngozi hapana; Texture −10 inatosha, na ule mng'ao wa jasho kwenye shavu uacheni kidogo, ndio unaotoa umbo la uso. Mwezi wa 10 joto likiwa kali, karatasi laini mfukoni ya kufuta jasho ni bora kuliko kitelezi chochote.

Kwa wanaoleta kazi kuchapa: sRGB, JPEG. Albamu ya sentimita 30 × 30 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3543 kila upande. 10 × 15 ni 1181 kwa 1772. Mkituletea picha ya WhatsApp iliyobanwa tutaichapa, lakini msiulize kwa nini macho yana ukungu. Picha zikitoka nyeusi kuliko kwenye skrini, skrini yenu imefunguliwa hadi mwisho. Iteremsheni, chapeni tatu za 10 × 15 za majaribio, kisha albamu.

---

Mama_Albamu (Lubumbashi)

Nami nijibu la makuta (pesa).

RAW hazitoki. Haina haja ya hasira, andika tu kwenye mkataba kabla ya avansi: mteja anapokea picha 300 zilizosafishwa, JPEG za ukubwa kamili, ndani ya wiki tatu. Ukiandika idadi, swali la «zingine ziko wapi» linakufa. Anayezitaka kweli RAW, kwa mfano kampuni yenye mbunifu wake, mpangie bei yake tofauti. Wa harusi akisisitiza, mara nyingi anachoogopa ni kukuona ukipotea na kazi yake. Mpe picha 20 ndani ya siku mbili, za familia ya pande zote mbili kwanza, na utaona RAW zinasahaulika.

Malipo: 50% siku ya kushika tarehe, 40% kabla ya siku ya harusi, 10% akipokea albamu. Kumdai bwana harusi nusu ya pesa baada ya harusi ni kazi ya pili isiyo na mshahara, maana pesa zimeisha ukumbini. Bei andika kwa dola, na andika pia kwamba atakayelipa kwa franki analipa kwa kiwango cha siku ya malipo, siyo cha siku mliyosaini. Noti za dola ziangalie palepale mbele yake. Iliyochanika hata kidogo dukani hawaipokei, na hasara inabaki kwako. Kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, gharama ya kutoa pesa ni ya nani? Iandikwe.

Kitu kinachowamaliza wengi ni saa. Mwaliko unasema 19h00, wageni wanaingia 21h00, maharusi 22h30, keki baada ya usiku wa manane. Usiuze «sherehe», uza saa: mfano kuanzia 18h00 hadi 01h00, na kila saa ya ziada ina bei yake, inalipwa hapohapo kabla ya kuendelea. Chakula cha msaidizi na usafiri wa kurudi usiku viko ndani ya bei, siyo vya kuomba mlangoni.

Mkataba usainiwe na anayelipa. Mara nyingi siyo bibi harusi; ni mjomba au rais wa kamati ya maandalizi. Ukisaini na mwingine utatumwa huku na huku mpaka uchoke.

---

Picha_za_Nguba (Bukavu)

Salamu kutoka Bukavu. Mmesahau kadi za kumbukumbu.

Kasapa, kamera yako ina nafasi mbili, ziwekee zote RAW kwa wakati mmoja. RAW iliyobanwa ya a7 III ni kama MB 24, kwa hiyo picha 2500 za siku nzima ni GB 60. Kadi ya GB 128 inatosha kila nafasi. Nafasi ya pili ni ya polepole kuliko ya kwanza, usishike kidole kwenye shata wakati wa maharusi kuingia.

Kadi yoyote mpya ijaribuni kabla ya kazi, hata iliyofungwa vizuri kwenye pakiti. Za bandia zinajitangaza 128 ndani zina 16, na zinaendelea kukubali picha huku zikifuta za mwanzo au kuandika faili tupu. Tumieni programu ya H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Mac na Linux: inajaza kadi yote kisha inaisoma. Kwa 128 kuandika kunaweza kupita saa moja, na muda wa kusoma juu yake. Fanyeni umeme ukiwepo.

Kuhusu umeme: kompyuta ya mkononi ina betri, lakini diski kubwa ya mezani yenye chaja yake inazimika papo hapo SNEL ikikata, katikati ya kunakili, na kama imeumbizwa kwa exFAT inaweza kukataa kufunguka tena. Tumia SSD au diski ndogo inayokula umeme wa USB. Mwenye kompyuta ya mezani anunue ondulere (UPS), siyo kwa ajili ya kuendelea kazi, ni ya kukupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Kadi zisifutwe mpaka nakala ziko kwenye diski mbili, moja ikilala nyumba nyingine.

Kusafisha picha bila umeme inawezekana: tengeneza Smart Previews (nakala ndogo za kufanyia kazi) kwenye Lightroom, zina pikseli 2560 upande mrefu, chomoa diski, fanya kazi kwa betri. Unachomeka tena wakati wa kutoa faili kamili tu. Kwa mteja aliye Ulaya tuma za pikseli 2048 kama dokumenti kwenye WhatsApp, siyo kama picha.

Na lenzi, huku kwetu karibu na ziwa ni unyevu na kuvu, sanduku lifungwe na silika jeli ndani. Kwenu kiangazi ni lile vumbi jekundu: msibadilishe lenzi nje ya ukumbi kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 9, na sensa ipulizwe kwa pampu ya mpira, kamera ikitazama chini, kamwe siyo kwa kopo la gesi.

---

Kasapa_Foto

Nimeelewa. Lenzi nimeiacha, naulizia bei ya TT600 mbili na triga. Mama Albamu, ile 40% ya kabla ya harusi, unaipokea siku ngapi kabla?

---

Mama_Albamu

Siku saba. Siku tatu kabla wako sokoni kununua vinywaji, simu hazipokelewi.